Mihogo Ndani ya Pisine

Mume wangu alijenga pisine, bwawa la kuogelea, nyuma ya nyumba yetu hapa Kasongo, akaipaka rangi ya buluu, akaipiga picha, kisha akapanda pikipiki akarudi Salamabila kununua dhahabu. Mimi nikabaki na shimo la maji. Siwezi kuogelea. Yeye pia hawezi.

Kiangazi kile jua lilikuwa halina adabu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupanga vikwembe vyangu vya kuuza sokoni, nilikuwa navua uchafu kwa kipande cha chandarua nilichofunga kwenye mwanzi. Watu walikuwa wanachoma mashamba, na majivu yao yote yaliamua kuja kulala kwangu. Vyura niliwatoa kwa ndoo nikawamwaga ng'ambo ya barabara. Jioni walikuwa wamerudi, tena na jamaa zao. Maji yakishuka kwa joto niliwasha pampu niyavute kutoka kisimani. Kule Salamabila pampu hiyo ilikuwa inatoa maji kwenye mashimo ya dhahabu. Kwangu ilipewa kazi ya kuyarudisha shimoni.

Kisha dawa ya klori ikaisha, na pikipiki iliyokuwa inaleta nyingine ikakwama njiani. Kwa siku kumi maji yakawa kijani kama sombe, mboga ya majani ya mihogo.

Mume wangu alipiga simu kila Ijumaa. Hakuuliza nimelalaje.

“Maji iko namna gani?”

“Iko buluu,” nilimjibu.

Nilidanganya bila aibu, na sababu ninayo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Salamabila aliyetaka kufungua duka kubwa la vipuri vya pikipiki pamoja naye. Mume wangu alitaka liwe Kasongo, na kumshawishi alimwambia kwamba nyumbani kwake mtu anaogelea. Mgeni akipapenda, duka lingekuwa hapa na mume wangu angelala nyumbani. Kwa miaka minne alikuwa ananitembelea na mfuko mdogo begani, na godoro lake linabaki Salamabila. Kwangu mimi, mtu anaishi pale lilipo godoro lake. Nilikuwa nimemkosa sana. Kwa ajili hiyo ningewapaka hata vyura rangi ya buluu.

Yeye na mgeni wake wakasema wangefika Jumamosi. Jumatano klori ikapatikana, lakini Alhamisi, kabla sijaitia, mama mkwe alifika kutoka Lusangi na magunia mawili ya mihogo michungu. Nilimwacha nyumbani apumzike, nikaenda sokoni. Mwanamke wa shamba kuambiwa apumzike! Niliporudi jioni magunia yalikuwa matupu, na pisine imejaa mihogo iliyomenywa, myeupe, imetulia chini.

“Mama, ulifanya nini?”

“Nililoweka. Kule kwetu kijito kimekauka. Hii maji yote ilikuwa inakaa tu bure.”

“Mama, hii ni pisine! Watu wanaoga ndani!”

“Nani anaoga? Weye?”

Nilitaka kuitoa mihogo usiku uleule, akanishika mkono: mihogo ile ilikuwa chakula chake cha mwezi, na ikitoka kabla ya kulainika ni sumu. Nikamwachia, huku nikilitukana jua kimoyomoyo. Jua halikujali. Maji yalikuwa ya moto kiasi kwamba Jumamosi, siku mbili tu, mihogo ilikuwa laini kabisa, inatoa mapovu, na mtaa mzima ulijua harufu inatoka wapi.

Mgeni alishuka kwenye pikipiki na taulo begani. Alisimama ukingoni, akaziba pua.

“Hii ni nini?”

“Ni fufu yako ya kesho,” alisema mama mkwe.

Mume wangu alinitazama. Nilisubiri anifokee, na nilikuwa na maneno yangu tayari, mengine si ya kuandikwa. Badala yake alikunja suruali na kuingia, maji yakamfika mapajani. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia kwenye pisine ile. Alitoa mihogo mmoja mmoja, mama yake akipokea na kumgombeza kwamba anaivunja, naye anacheka kama zamani alipokuwa ananichumbia. Tuliianika kwenye sementi pale ambapo wageni walitakiwa kulala juani.

Jumapili jioni nilitwanga, nikachekecha unga, nikausonga, tukala fufu na sombe. Mgeni aliomba tonge mara tatu. Jumatatu aliondoka akisema atafikiria habari ya duka, na mtu wa Salamabila akisema atafikiria ujue amekataa. Mume wangu aliondoka naye, na mfuko wake mdogo. Nililia jikoni, kisha nikaenda kumwaga maji yote.

Nilipojaza mengine, klori sikutia. Majirani walianza kuleta mihogo yao.

Ijumaa simu ililia. Nilikuwa tayari kusema buluu.

“Mihogo iko siku ya ngapi?” aliuliza.

“Ya kwanza. Mwenyewe uko namna gani?”

“Nimechoka na hii Salamabila. Ya tatu nitakuwa hapo.”

Siku ya tatu alifika, mwekundu kwa vumbi, na nyuma ya pikipiki lilikuwa limefungwa godoro. Nilifurahi, kwa hiyo nilimgombeza: alikung'ute godoro vumbi kwanza huko nje, ndipo aliingize ndani.