Semina ya Usawa Tumeihudhuria Jikoni

Leo ofisini kwetu hapa Mpanda tumefundishwa kutobaguana kazini.

Yaani wamefundishwa wanaume. Sisi tulikuwa tunapika.

Siwatanii jamani.

Asubuhi bosi katangaza: "Wanaume ukumbini. Akina mama, mgeni wetu wa semina asikae na njaa."

Hata mlinzi kaingia semina, geti kaliacha wazi! Mama Neema, mhasibu wetu mwenye digrii yake, kapewa kuchambua mchele wa Mpimbwe. Mimi, afisa ugavi mzima, nikakabidhiwa kuku wa kunyonyoa.

Huko ukumbini tunasikia tu:
"Usawa oyee!"
"Oyeee!"

Na sisi moshi unatutoa machozi. Eti mada ya pili ilikuwa afya ya akili.

Sasa ikafika zamu ya picha ya pamoja. Bosi ndiyo akakumbuka tupo.

"Akina mama njooni mbele, picha ipendeze! Ila vueni hivyo vitenge kwanza, na wewe, huo mwiko uweke chini."

Mama Neema akakaza kitenge chake kiunoni. "Hapana, bosi. Hii ndiyo sare ya semina yetu."

Mgeni akashangaa. "Kwani nyie hamkuwemo ndani?"

Bosi akaanza kufuta miwani.

Tukapiga hivyohivyo, masizi usoni. Mimi niko katikati na mwiko wangu, na juu ya kichwa changu bango linasema: KAZI BILA UBAGUZI.

Bosi kaomba picha isitoke nje ya ofisi.

Mnaiona vizuri hapo chini?