Kumpigapiga Mtoto kwa Kiingereza

Harufu ya mkonge uliokamuliwa haielezeki kwa mtu ambaye hakukulia kambini. Ni uchachu unaokaa kooni, unaoingia kwenye uji, kwenye shuka, mpaka kwenye nywele za mama yako. Mimi nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, kwenye shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, wakati wa Mwingereza. Baba alikuja pale kutoka Handeni kufanya kazi kwenye mashine ya kukamulia, tuliyoiita korona, akisema atakaa msimu mmoja tu. Wapi! Tulizaliwa pale watoto watano. Wa kwanza ni dada yangu Zaina, na wa mwisho Hamza, aliyekuwa bado ananyonya mwaka huu ninaousimulia. Watu wanapenda kusema utoto ni raha. Wangu ulikuwa na raha zake, sikatai, lakini nikiukumbuka mwaka ule napandwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Hamza alikuwa mtoto wa kulia. Akianza, kambi nzima inajua. Mama alimbembeleza, majirani walimbembeleza, wapi, hanyamazi. Dawa yake ilikuwa mkono wa Zaina. Alimlaza kifuani, kichwa begani, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, taratibu, kwa mapigo yale yale ya moyo, mpaka pumzi za mtoto zikaanza kuufuata mkono. Nilikuwa nikimtazama na mimi mwenyewe nasinzia. Wanawake wa kambi wakaanza kumletea watoto wao wenye homa na chango, naye hakumkataa hata mmoja. Mama akamtania, “Wewe ukiolewa, huo mkono tunabaki nao hapa.” Zaina alicheka, lakini neno la kuolewa lilikuwa linamkosesha usingizi. Mzee mmoja wa Kwamsisi, mwenye wake wawili tayari, alikuwa ameshaleta posa.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja, madarasa yote humo humo, na mwalimu mmoja, Mwalimu Elieza, aliyetoka Bungu milimani. Alikuwa nadhifu, kaptula imenyooka, na Kiingereza chake kilitutia hofu. Alitufundisha kwa kugonga meza. Anagonga, anasema, “Biti!” Sisi tunaitika, “Piga!” Basi. Hakutuambia zaidi ya hapo, nasi tukalichukua neno lile tukalifanyia kazi zote za piga, na mnajua Kiswahili chetu kinavyopiga: pasi, hodi, mswaki, magoti, busu. Tukawa tunabiti pasi, tunabiti hodi, tunabiti magoti mbele ya Mungu. Mwalimu alitusikia. Wakati mwingine aligeukia ubao, mabega yakimtikisika kwa kicheko, kisha akaendelea na somo. Tulidhani amefurahi kwamba tunajua.

Ndipo ikaja habari kwamba hospitali inatafuta wasichana wa kufundishwa uuguzi, wale wanaojua kusoma na wenye Kiingereza kidogo. Baba akamwambia mshenga wa Kwamsisi asubiri kwanza: binti akichukuliwa hospitali, posa imekwisha, asipochukuliwa, ataolewa. Baba hakuwa mtu wa kubadilisha kauli. Zaina alifua gauni lake la pekee akalianika ndani ili lisinuke mkonge. Akaniambia, “Nikikosa hii, mdogo wangu, mimi ndiyo basi tena.”

Memsabu, yaani mama wa Kizungu wa hospitali aliyekuja kuchagua, aliketi mbele ya darasa, kofia mapajani, uso mpole kabisa. Alisema anataka kumsikia msichana mwenyewe, mwalimu asimsaidie. Zaina alisimama. Akaulizwa jina, umri, kazi za nyumbani, yote akajibu. Kisha akaulizwa mtoto mchanga akilia anamfanyaje. Nilimwona dada anatabasamu, maana hapo ndipo penyewe. “Ai biti him,” akasema. “Biti, biti, biti, hi silip.” Na mkono wake ukapiga hewani, juu chini, juu chini. Memsabu akaacha kuandika. Akauliza kama ni kila siku. “Evri dei,” Zaina akajibu kwa fahari. Nani alimfundisha? Mama yake, akasema; mama aliwabiti watoto wote nyumbani, mpaka wakalala. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi tuliona amejibu vizuri ajabu. Kidogo tupige makofi.

Nikamtazama mwalimu. Alikuwa amesimama dirishani, midomo imefunguka kidogo, jasho limemtoka. Nilisubiri aseme kitu, kwa sababu hata mimi, mtoto, niliona sura ya yule mama imebadilika. Memsabu akamgeukia akamwambia maneno makali, nasikia alisema mtu kama huyu asikaribie mtoto wa mtu. Mwalimu akainamisha kichwa na kujibu, “Yesi, madam.” Zaina akarudi kukaa, bado anatabasamu.

Jioni baba alimfuata mwalimu nyumbani kwake, tukiwa nyuma yake. “Mwalimu, mwanangu kakosea nini?” Mwalimu akasema Zaina ametumia neno lisilofaa, kwa Kiingereza biti ni kuchapa. Baba akamsihi aende akamweleze yule mama, wewe si unamjua mtoto huyu, umemwona na mdogo wake. “Mzee wangu,” mwalimu akasema, “nikimwambia hivyo ataniuliza nani kamfundisha.” Hakuona hata haya. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: alimtoa dada yangu kafara ili yeye abaki na kaptula yake iliyonyooka. Kabla ya mvua za vuli Zaina alikwenda Kwamsisi, mke wa tatu, kuteka maji mbali na kulima shamba la wenzake. Hamza alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku hizi neno lile linazagaa kila mahali. Vijana wanatengeneza biti za muziki kwenye simu, wengine wanachimbiana biti wakigombana, na hakuna anayepoteza kitu. Mjukuu wangu ni muuguzi Korogwe, anakiongea Kiingereza kama anakunywa maji. Mwaka jana nilimuuliza, kumpigapiga mtoto mgongoni wanakuitaje? “Pati, bibi,” akanijibu bila kuinua macho, “hata mtoto wa chekechea analijua.” Nilipanda bodaboda mpaka Kwamsisi. Dada yangu, mjane sasa, alikuwa amekaa mlangoni na kitukuu begani, kimelala. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, akilionja mdomoni.

“Neno lenyewe fupi hivi,” akasema, “na mwalimu akanyamaza nalo.”