Mama Mkwe Kwenye Benchi la Wanaokohoa

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji, upande wa Mkange, na wakati wa korona nilimwogopa mama mkwe wangu kuliko korona yenyewe. Tuliishi nyumba moja, naye ana pumu. Nikimletea ule ugonjwa kutoka kazini, basi nimemuua kwa mikono yangu. Kwa hiyo niliacha kumbusu mkono asubuhi. Nilitoa shikamoo nikiwa mlangoni, chakula chake nikakiweka kwenye kigoda, nikarudi nyuma. Sababu nilimweleza mara tatu. Aliitikia "marahaba" akageukia ukutani.

Kazini nilivaa koti la mvua, gamboti, barakoa mbili na miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ndani humo nilikuwa naiva kama kiazi. Mume wangu mwenyewe alipita siku moja akaniamkia, "Shikamoo, daktari." Nikaitikia.

Asubuhi moja nikamwona mama mkwe kwenye benchi la wanaokohoa. Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni. Nikamwita ndani kwa sauti nzito ya kubuni.

"Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi. Nina mkamwana."

Nikaandika "mkamwana" kwenye kadi kabla sijajua ninachofanya.

"Ananiwekea sahani mlangoni kama paka," akasema. "Si mtu mbaya. Mchapakazi. Wali wake nazi haikolei, lakini nimeshazoea. Ila mwezi wa pili huu hajanishika mkono. Hakuna aliyenishika. Sasa nangoja nife ndipo niguswe, na waosha maiti."

Nilibadilisha glavu, nikamshika mkono kama vile napima mapigo ya moyo. Mapigo hupimwa dakika moja. Mimi nilishikilia mpaka watu wa nje wakaanza kunung'unika, na miwani ikajaa ukungu, kwa sababu nilikuwa nalia.

Jioni nilioga uani kama kawaida, nikaweka wali kwenye kigoda, nikatoa shikamoo yangu ya mlangoni.

"Marahaba. Zile glavu, unazo nyingine?"

"Glavu zipi, mama?"

"Kijiji hiki nani mwingine anatembea kama bata? Nilikujua ulipoinuka tu. Lakini yako mambo mkwe hayasemi mpaka mkamwana ajifunike gubigubi."

Kisha akanyoosha mkono wake juu ya kanga.

"Kavae, na barakoa yako, uje unipime mapigo."