Siku Niliyong'oa Moyo wa Kompyuta ya Mama Faida

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka moyo bado hunipiga, ingawa sasa nina wajukuu.

Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimetoka kuchimba dhahabu milimani huku kwetu Fizi, nikarudi mikono mitupu, na Papa Wilondja, fundi wa redio na kompyuta hapa Baraka, akanipokea nijifunze kazi. Shimoni tulikuwa na kanuni moja: jiwe likionyesha dhahabu kwenye ngozi, livunje, mshipa uko ndani. Kanuni hiyo niliibeba hadi mezani kwa fundi.

Basi nikaona prosesa kwenye kisahani, kando ya takataka. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta: kibamba kidogo kama biskuti, juu kina kifuniko cha chuma, chini meno mengi membamba yaliyopakwa dhahabu. Nikawaza, kama meno ni dhahabu, tumboni je? Papa Wilondja alikuwa hatua tatu nyuma yangu, akitengeneza redio ya mvuvi. Sikumwuliza. Niliogopa tungegawana. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Nikatoka nayo uani. Nikapitisha wembe kwenye gundi nyeusi mpaka kifuniko kikabanduka. Nikaiweka juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, moshi mkali ukaniwasha macho, kisha nikachomeka ncha ya kisu na kung'oa. Tak! Kitu kikaruka, kikaanguka vipande viwili.

Haikuwa dhahabu. Kilikuwa kioo chembamba, kidogo kama ukucha, na ndani yake jicho langu mwenyewe likinitazama. Nikaviokota vile vipande.

"We! Prosesa ya mu kisahani iko wapi?" Papa Wilondja alikuwa amesimama mlangoni.

"Mi niliwaza iko takataka, Papa."

"Uliwaza! Nilikuwa naisafisha. Iko ya Mama Faida!"

Mama Faida alikuwa mjane wa kijiji cha Lubondja. Kwa kompyuta ile aliwaandikia watu barua na vyeti, na ndiyo iliyowalisha watoto wake wanne. Kabla sijameza mate, pikipiki ikasimama mbele ya duka. Akashuka, vumbi mwili mzima, anatabasamu, na kuku wa shukrani kwapani.

"Papa, mashini yangu ilishapona?"

Fundi alinigeukia mimi. "Jibu mama yako."

Nilifungua kiganja nikamwonyesha vile vipande. Alivitazama, akavitazama tena. Kuku alimponyoka akakimbilia barabarani, wala mama hakugeuka kumtazama.

"Mutoto wangu," akasema polepole, "fundi alikuwa pale pale. Ulikosa mudomo?"

Angenichapa ningepona haraka zaidi. Prosesa ya aina ile tuliitafuta Baraka yote, tukaagiza hadi Uvira, wapi! Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Faida akarudi kuandika kwa mkono, nami kila Jumamosi nilikwenda Lubondja kumlimia mihogo, mavuno mawili, mpaka alipopata mashini nyingine.

Papa Wilondja hakunifukuza. Aliniketisha akanieleza: kioo kile asili yake ni mchanga, uliosafishwa na kuyeyushwa, kisha watu wakachora ndani yake njia ambazo jicho haliwezi kuziona. Umeme ukipita humo, mashini inafanya hesabu. Nilikuwa nimevunja kazi ya akili za watu wengi, na chakula cha nyumba moja.

Kwa hiyo, mwanangu, udadisi wako nausifu, usiuache. Ukitaka kuona ndani ya prosesa, tafuta iliyokufa kweli, omba ruhusa kwa mwenyewe, vaa miwani, kaa mbali na moshi. Lakini kwanza fungua mdomo. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, maana utakosea, usimtume mtu akusemee. Nenda mwenyewe, useme, kisha utumike kufidia ulichoharibu.

Mungu aipe mikono yako subira, na kila mlango utakaobisha akuwekee mtu asiyechoka kukuelekeza.