Koplo Septemba

Jamani, mie aibu nshaziona nyingi, nshawahi kuanguka na sinia la pilau mbele ya wakwe zangu, nshawahi kumshika mkono mwanamke barabarani nikidhani ni mke wangu, lakini zote hizo nikizikusanya hazifiki nusu ya ile ya Jumamosi moja katika ofisi ya askari wa akiba, karibu na Forodhani, na leo naisimulia kwa hiari yangu kwa sababu nshachoka kuisikia ikisimuliwa na watu wengine, kila mtu anatia chumvi yake (yupo mmoja Malindi anasema nililia, sikulia, macho yalikuwa yananiwasha tu).

Mie ni fundi cherehani, duka langu liko Bububu, na miaka ile ya hamsini nilikuwa pia askari wa akiba, yaani raia kama raia wengine, ila siku moja katika mwezi unavaa kaki, unapiga kwata, unapigiwa makelele, kisha unarudi kwako kushona suruali za watu. Nilikuwa koplo, tepe mbili mkononi, na nilikuwa nazipenda tepe zile (Mungu anisamehe) pengine kuliko cherehani iliyokuwa ikinilisha. Jirani yangu Haji, seremala, naye alikuwa koplo, lakini yeye alipata baada yangu, na nnajua kwa sababu tepe zake nimezishona mimi, akasimama dukani kwangu mkono kaunyoosha, na mie na tepe zangu nshazivaa mwezi mzima, nikamwambia, "Kaa sawasawa, Haji, unashonwa na mkubwa wako." Tukacheka. Alikuwa rafiki yangu sana.

Sasa mwaka uliofuata zikaja fomu kutoka mjini. Kila mwenye cheo ajaze jina, namba, na tarehe aliyopandishwa, siku, mwezi, mwaka, kila kimoja katika kisanduku chake. Haji hakuwa anajua kuandika harufi za Kizungu, akaichukua fomu yake akampelekea karani wa ofisi, mtu wa mjini mpole mwenye miwani akiitwa Bwana Suleiman, akamwambia jambo lake kwa mdomo, karani akaandika. Mke wangu Zuhura akaniambia, "Na wewe si umpelekee karani? Kazi yake hiyo."

Nikamwambia, "Zuhura, mie nimesoma. Karani ni wa akina Haji."

Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwenye neno hilo dogo. Nikakaa mezani, nikavuta daftari langu la duka ambalo huandika kila kitu, vipimo vya watu, arusi, misiba na siku niliyovaa tepe, nikanakili katika fomu kwa mwandiko wangu mzuri, nikaikunja, nikaipeleka, na wala sikuifikiria tena.

Ikapita miezi. Alkhamisi moja, baada ya kwata, sajini wetu mzee aliyekuwa anastaafu akatusimamisha akatusomea karatasi kutoka mjini. Inatakiwa sajini mpya mmoja wa kushika nafasi yake, wakubwa watakaa Jumatatu kumchagua, na atachaguliwa koplo aliyeanza ukoplo mbele ya wenzake. Moyo wangu ukapanda juu, maana koplo tulikuwa wawili tu, nikaanza na kutunisha kifua. Sajini akasoma: "Wa kwanza, Koplo Haji, kuanzia Machi. Wa pili, Koplo Khamis, kuanzia Septemba."

Septemba? Mie? Nilihisi kama mtu kanivua nguo pale uwanjani. Ule usajini nilikuwa nshaupanga, mamangu mzee macho yake yalikuwa yanafifia, na kila siku akiniuliza lini ataniona nimetangulia mbele ya watu katika gwaride kama sajini, kabla hayajazima kabisa, na mie nilikuwa nshamwahidi. Sasa nikarudi nyumbani nikimwona Haji mbele yangu anacheka na watu, na badala ya kumwuliza kwa wema, nikasema kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, "Wengine wanapita milango ya nyuma."

Haji akageuka. "Unasema mie, Khamis?"

"Mwenye kujijua anajijua."

"Haya. Unakwenda ofisini lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Na mie ntakuja," akasema. "Nikasikie mlango nliopita."

Jumamosi nikaamka alfajiri. Zuhura aliipiga kaptura yangu kanji ya wanga mpaka ikawa inasimama peke yake, nikavaa kaki kamili na viatu vinang'aa (haikuruhusiwa kuvaa nguo za kazi siku isiyo ya kazi, lakini nilitaka wanione koplo wanayemdhulumu), nikapanda baiskeli nikenda mjini nimekaa upande upande kwa sababu ile kaptura haikunjiki. Na lau ningekwenda moja kwa moja ofisini, aibu ingebaki baina yangu na Haji na karani. Lakini nilipofika Malindi, nikaona wazee wamekaa barazani wanakunywa kahawa, nikashuka.

"Shikamooni."

"Marahaba, Koplo. Mbona leo umevaa hivyo, kuna vita?"

Nikakaa (nusu kukaa), nikapewa kikombe, nikawahadithia yote, tepe zangu, Haji, Machi na Septemba, na kila nikisema hasira inazidi, nao wanatikisa vichwa wanasema, "Hiyo dhulma, mwanangu, hiyo dhulma," na mzee mmoja, Mzee Ali, akauchukua mkongojo wake akasema, "Tunakwenda na wewe. Mtu hendi peke yake kudai haki yake." Wakainuka wazee sita. Tulipofika Darajani wakaongezeka wachukuzi wawili na muuza machungwa, na tulipokaribia Forodhani nyuma yangu kulikuwa na watu si chini ya ishirini, wengine hawajui hata tunakwenda wapi, na mie mbele nakokota baiskeli na kaptura inalia kwa kila hatua.

Haji alikuwa keshafika, amekaa kwenye benchi nje na kanzu yake nyeupe. Hakunisalimu, wala mie sikumsalimu.

Tukaingia. Yaani tuliingia sote, walioshindwa kuingia wakasimama madirishani. Bwana Suleiman akainua miwani yake akatutazama. Nikapiga mguu chini, nikasema, "Mie Koplo Khamis wa Bububu. Nimeandikiwa Septemba. Mie nilivaa tepe kabla ya huyu Haji, na zake nimemshonea mwenyewe. Nataka mtu aliyeandika Septemba aletwe hapa mbele ya wazee hawa nimtazame usoni."

"Bwana Khamis, kaa kwanza nitazame faili," akasema karani.

"Sikai." (Nisingeweza, hata ningetaka.) "Aletwe. Mtu asiyeujua mwezi hafai kupewa kalamu. Huyo apewe jembe, akalime."

Wazee wakaitikia, "Apewe jembe," na wale wa madirishani wakarudia, maskini, hata hawakujua jembe la nini. Karani akafungua kabati, akatoa faili, akafunua karatasi moja, akaisoma, kisha akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitia baridi ya kwanza.

"Unataka kweli aliyeandika aletwe?"

"Aletwe."

"Basi keshafika," akasema, akaigeuza karatasi upande wangu.

Ilikuwa fomu yangu. Siku, tano. Mwezi, tisa. Ile tisa yenye mkia uliopindwa, ambayo Unguja nzima naipinda hivyo mimi peke yangu kwa sababu naiandika kila siku kwenye vipimo vya wateja. Nikaielewa hapo hapo, kwa mkupuo mmoja. Daftarini kwangu niliandika kama tunavyohesabu sisi wenyewe, miezi tunaanza kuihesabu Ramadhani ikishakwisha, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, tunafunga tena. Mie nilivaa tepe Mfunguo Tisa. Haji alivaa Rajabu, mwezi unaofuata. Na mie msomi, nilipoona kisanduku cha mwezi, nikatia tisa, na tisa kwa Wazungu ni Septemba. Haji yeye alimwambia karani "Rajabu kumi", karani akaangalia kalenda yake yenye miezi ya pande zote mbili, akaandika Machi, sawasawa kabisa.

Mzee Ali akauliza kutoka nyuma, "Imeandikwa nini chini hapo, mbona kuna maneno?"

Nikasema hapana kitu, mzee. Lakini karani alikuwa mtu mkweli, na wazee wakiuliza wanajibiwa. Akasoma kwa sauti: "Fomu hii nimeijaza mwenyewe bila ya msaada wa mtu yeyote. Koplo Khamis." Na nilikuwa nimetia sahihi mara mbili.

Hakuna aliyecheka mwanzo. Kisha muuza machungwa akasema polepole, "Sasa jembe tunampa nani?" na ofisi nzima ikapasuka, wazee wanapigana mabega, mchukuzi mmoja akaketi chini kabisa, na mie nimesimama katikati na kaptura yangu ngumu, siwezi kukaa wala kuinama, natamani ardhi inimeze.

Shetani akanijia akaniambia, sema mwandiko si wako. Wallahi nusura niseme. Lakini nikamwona Haji pale mlangoni, peke yake hacheki, ananitazama tu, na nikakumbuka nilivyomtukana tangu Alkhamisi mpaka kwenye baraza la watu wasiomjua. Nikasema, "Nimeandika mimi. Na Haji hakupita mlango wowote wa nyuma. Nimemsingizia, na namtaka radhi mbele yenu nyote."

Kwa kelele zile akatoka bwana mkubwa wao chumbani, kapteni mmoja Mzungu mwenye masharubu mekundu, anaijua lugha yetu vizuri, akauliza kuna nini, karani akamweleza. Akaitazama fomu, akaitazama kalenda, akakuna kichwa. Akasema anaelewa nnachodai, lakini karatasi ni ya mkono wangu mwenyewe, na kila mtu akija kubadilisha tarehe yake siku mbili kabla ya uchaguzi, ofisi itakuwa haina kazi nyengine. "Daftari lako halitoshi, umeliandika wewe vilevile. Nani alikuwepo ulipopewa tepe, asiyekuwa na faida yoyote katika jambo hili?"

Sajini mzee aliyetuvisha tepe alikuwa keshasafiri Pemba. Nikatazama chini. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa, na mamangu nikamwona mbele ya macho yangu anasubiri.

"Mie nilikuwepo," akasema Haji.

Kapteni akamwambia, "Wewe ndiye mwenzake. Ukisema hivyo usajini unaukosa."

"Naelewa, Bwana." Haji akavua kofia yake akaishika mkononi. "Huyu leo sitaki hata kumuona, kanitukana kutoka Bububu mpaka hapa. Lakini yeye alipewa tepe Mfunguo Tisa na mie Rajabu, na mwezi mzima baina yake nilikuwa nikimwita Koplo na yeye akiniita Haji tu, na akiniudhi sana. Rajabu haiji kabla ya Mfunguo Tisa. Mie ni mtu wa kusali, sitavaa tepe ya mwenzangu."

Kapteni akasema shahidi anayejinyima mwenyewe hana haja ya kutafutiwa wa pili. Akaagiza tarehe isahihishwe iwe Februari, na fomu mpya ijazwe pale pale. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu (mazowea), na watu wote mle ndani, wazee, wachukuzi, na kapteni pamoja nao, wakasema kwa sauti moja, "Asiandike yeye." Akaandika karani. Mie nikatia kidole gumba.

Jumatatu nikawa sajini. Tepe ya tatu nikaishona usiku huo huo, na siku ya gwaride mamangu tukamweka kitini mbele kabisa, karibu mno hata viatu vyetu vilimtimulia vumbi, na nilipopita nimetangulia mbele ya wote, na Haji nyuma yangu, nikamsikia anamwambia Zuhura, "Namwona. Namwona yule." Basi hapo ndipo macho yaliponiwasha, kama mnataka kujua.

Haji hakusema nami mwezi mzima. Kisha akaja dukani siku moja, hana habari ya kunisalimu, ana kitu kirefu kafunga kwa gunia, akasema kimetumwa na wazee wa Malindi. Nikafungua, jembe jipya, mpini kauchonga yeye mwenyewe, na kwenye mpini kachora tisa yenye mkia uliopindwa. Tukacheka mpaka wateja wakakimbia. Mwaka uliofuata ikapatikana nafasi nyengine ya sajini, nikenda mimi ofisini kusema habari zake, kwa mdomo, sikugusa karatasi, akapata, na tepe nikamshonea.

Tangu siku ile kalamu yangu ni ya vipimo vya suruali tu, fomu yoyote ikija nampelekea karani na namwambia mwezi kwa jina lake. Jembe liko ukutani juu ya cherehani mpaka leo. Na jina la sajini nililolipigania vile, mjini hapana hata mmoja anayeniita, nikipita Malindi, wazee na wajukuu zao wananiita "Koplo Septemba", nami nasimama naitika, "Naam."