Kidubwasha Juu ya Bati

Nilikirusha mwenyewe juu ya bati la jiko, mchana kweupe, na kukiombea dua nikakiombea. Nasema mapema, nisije nikausingizia upepo tena kama nilivyousingizia siku ile.

Kilikuwa kidubwasha cha plastiki ya pinki chenye waya kwa mbele, cha kuvaa mdomoni. Nilipewa nikiwa darasa la tatu, wakati meno yangu ya juu yalikuwa yanafika mahali kabla yangu. Nilinyonya vidole viwili mpaka nikaanza shule navyo. Darasani waliniita opena, na kuna siku mmoja aliniletea soda kabisa nimfungulie.

Daktari wa meno kule mjini alinipapasa taya, akamwambia mama, "Umefanya vizuri kumleta mapema. Mfupa bado unakua, ukielekezwa unasikia. Akishakuwa mkubwa, tutabishana nao."

Mama akanitazama. "Basi mfupa una adabu kuliko mwenyewe."

Mama ni nesi wa zahanati kijijini kwetu Bashay, maana yake ni mama wa kila mtu. Tukinawa tu tule, hodi. Mara mtoto ana homa, mara mzee kajikata na jembe. Simu ikinyamaza, wanakuja kwa miguu. Mimi na mdogo wangu wa kike tulizoea kupata mama aliyebaki.

Siku za daktari zilikuwa zangu. Tulipanda basi asubuhi kwenye ukungu, mama kavaa sweta juu ya gauni la kutokea, sare kaiacha nyumbani. Tukianza kushuka mlima, mtandao ulikata, simu ikabaki kuwa saa. Ile kona niliivizia kama wengine wanavyovizia chapati. Kuanzia hapo mama alicheka vichekesho vyangu vyote, hata vile vibovu. Halafu usingizi ulimchukua, kichwa kikaniangukia begani, nami sikusogea hata mkono ulipokufa ganzi.

Hata nyumbani kidubwasha kilinipa haki. Kilikuwa na skrubu ndogo katikati, na Jumapili jioni mama alinishika kidevu akaizungusha kidogo kwa kiwaya chembamba, ili taya litanuke.

"Inauma?"

"Sana," nilisema. Haikuuma. Ila nikisema sana, kidevu kilishikwa muda mrefu zaidi.

Kisha meno yakanisaliti, yakanyooka. Daktari akachungulia, akafurahi. "Sasa avae usiku tu. Mkija tena mara moja, tumemaliza." Mama akamshukuru. Mimi nikamwuliza kama hakuna jino lingine analolitilia shaka. Akadhani natania.

Kwetu jino la utoto likitoka, unalirusha juu ya paa na kumwambia panya: chukua hili bovu, niletee zuri. Nilifanya hivyo kwa meno yangu yote, na panya hakuwahi kunidhulumu. Kwa hiyo wiki ile ile, mama akiwa zahanati, nilisimama nyuma ya jiko, nikarusha kidubwasha, nikasema, "Panya, chukua haya mazuri, niletee yale yangu ya zamani." Bati likalia. Nilikuwa darasa la tano, na akili zangu timamu.

Jioni nilimwambia mama kwamba nilikianika nje, upepo ukakibeba. Mdogo wangu akainua uso kutoka kwenye makande.

"Kaka alikuwa anaongea na panya," akasema. Akairudia dua yote, mpaka sauti yangu akaiiga.

Mama hakugomba. Alinionyesha ngazi. Nikapanda, nikakikuta kimenasa kwenye majani makavu ya mfereji wa maji ya mvua, waya umepinda. Nikawaza kwamba sasa itabidi turudi mjini kukirekebisha. Nikafurahi, kisha nikaona aibu kwa kufurahi, yote hayo nikiwa bado juu ya ngazi.

"Meno ya zamani unayatakia nini?" akauliza kutoka chini.

Nilikuwa na kichekesho tayari. Kikagoma kutoka. Nikasema, "Yale tulikuwa tunayapeleka mjini wawili tu."

Sasa nasoma bweni, Dongobesh. Meno yamenyooka, na walimu wanalalamika kwamba wanayaona mno. Panya wa bwenini wapo wengi, ila hawa wanachukua sabuni na hawaleti chochote. Jumapili jioni, wenzangu wakipiga pasi sare, najikuta nimeshika kidevu changu mwenyewe, na mkono wangu haujui kazi ile. Hapo namwona mama siku ile chini ya ngazi, anafuta kidubwasha kwa upindo wa kanga. Mtu anaita nje, "Nesi, kichwa kinaniuma," naye anamjibu, "Subiri kidogo, niko na mtoto wangu." Halafu ananigeukia.

"Huo mdomo sikuutengeneza uwe wa kuchekea tu. Ukinitaka, niite."