Hesabu Alizonifanyia Riziki

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata majina ya watu wengine yakinitoka. Nilikuwa darasa la nne, hapa hapa Bangwe. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Yustina, aliingia na madaftari mawili mkononi, langu na la rafiki yangu Riziki. Yote mawili yalikuwa na vema kumi kwa kumi.

"Zuwena na Riziki, simameni," alisema. "Hata namna ya kuandika saba ni moja. Nani amenakili kwa mwenzake?"

Ngoja nikwambie kwanza Riziki alikuwa nani. Nyumba yao ilipakana na yetu. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, ila yeye alizaliwa hapa. Alikuwa mwembamba, akicheka huziba mdomo kwa kuwa jino lake la mbele lilichelewa kuota. Kila alasiri, nikishamaliza kumsaidia mama kugeuza dagaa juani, nilikwenda uani kwao. Mimi nikimsuka nywele, yeye anafanya hesabu zake, kisha anafanya na zangu. Mara nyingine aliniambia, "Njoo nikuonyeshe, si ngumu." Nami nikamjibu, "We andika tu. Mimi sina kichwa cha hesabu." Nyumbani walikuwa wakilisema hilo, kwamba ukoo wetu ni wa kazi za mikono, nami nikalipokea kama urithi.

Basi mwalimu alipouliza, woga ukanitangulia. Nikasema, "Riziki ndiye amenakili kwangu."

Riziki alinigeukia. Alinitazama machoni, kisha akainama. Nimeishi miaka mingi, mwanangu, nimetukanwa na watu wazima wenye hasira, lakini hakuna tusi lililoniuma kama yale macho.

"Vyema," alisema mwalimu. "Aliyefanya mwenyewe aje ubaoni. Mia nne thelathini na mbili, gawanya kwa kumi na mbili. Ni namba tatu, uliyoipata."

Nilishika chaki mpaka ikalowa jasho. Sikujua hata pa kuanzia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, unisamehe kwa neno hilo, nami asubuhi ile nilibaki uchi mbele ya darasa zima. Kisha Riziki akaitwa. Akaandika thelathini na sita, akaenda kukaa dawati lingine, mbali nami.

Kuanzia hapo hakunisemesha. Alasiri zikawa ndefu. Nilikuwa nasikia sauti yake ng'ambo ya ua, akiwaimbia wadogo zake, na miguu yangu inashindwa kuvuka hatua ishirini za kwenda kuomba radhi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Wiki iliyofuata Mwalimu Yustina alinibakiza baada ya masomo. Nilidhani ni fimbo. Akanivutia kiti.

"Kwa nini hufanyi kazi yako mwenyewe, mwenzako ndiye akufanyie?"

"Mimi siwezi hesabu, mwalimu."

"Nani kakwambia? Kichwa si mtungi, useme kimejaa. Hujaweza, na kutoweza si sawa na kutoweza bado. Kesho uje na jedwali la mbili."

Jedwali la mbili, mimi wa darasa la nne! Watoto wadogo walinichungulia dirishani wakicheka. Nilikosa, nikakosa tena. Mwalimu hakuniruhusu kufuta. Alinitaka nimweleze, "Hapa ulifikiri nini?" Tulipofika kwenye kugawanya, nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa karibu kila mara mahali pale pale, nilikuwa nasahau kushusha tarakimu inayofuata. Bandu bandu huisha gogo. Muhula ulipokaribia kwisha nilipata saba kati ya kumi, kwa mkono wangu mwenyewe. Zile vema kumi za kwanza sikuwahi kuzifurahia hivyo.

Nikakimbia na daftari hadi kwa Riziki. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima: nisamehe, tazama, nimejifunza.

Ua ulikuwa mtupu. Hata mkeka haukuwapo. Mama mmoja jirani akaniambia taratibu, "Mwana wanje, mwanangu, wameondoka na boti ya asubuhi. Bibi yao anaumwa huko Kongo."

Hawakurudi. Siku za anga safi, milima ya ng'ambo huonekana kutoka hapa, na bado mimi huiangalia. Nilikuja kuwa muuguzi, nikafanya kazi Ilagala miaka mingi. Kila nilipogawanya dawa ya mtoto kwa uzito wake, mkono wangu ukiwa na hakika, nilitamani Riziki angekuwapo anione. Wasafiri wa Kongo wakishuka botini, huwauliza habari zake kwa jina. Sijapata jibu.

Siku hizi nawaona wajukuu wangu wanaipiga picha hesabu na kuiachia simu ifanye. Simu haikasiriki, haihami. Lakini hata hiyo haitasimama ubaoni kwa niaba yako, wala kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi uliyopewa na mwalimu ni yako, ikamate mwenyewe. Mwenzako anayejua, mwombe akuonyeshe njia, usimwombe jibu. Ukikosa, usilifiche kosa, kaa nalo mpaka likwambie lilikotoka. Wala usikubali mtu, hata mzazi, akupimie akili yako leo na kuifunga hapo. Na ukimsingizia rafiki, nenda ukamwombe radhi jioni ile ile, angali jirani.

Mungu akupe subira ya kujifunza polepole, akupe walimu wavumilivu na marafiki wema, na akujalie uwakute nyumbani siku utakapokuwa na la kuwaambia.